Aliyenioa Ndiye Aliyenishtaki

Mliniacha mlangoni. Mtoto mgongoni, kikapu cha kyondo begani, mguu mmoja umeshatoka nje. Nilikuwa naondoka kwa Mama Kalondu, na nilikuwa naondoka nisirudi.

Ndipo nikasikia ukelele kutoka kule chini kwenye matuta.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari kabla hajalimaliza, wacha nirudie kidogo. Naitwa Mutindi. Niliolewa na mwanamke. Usishtuke. Kwetu Nuu jambo hilo ni la kale kuliko barabara. Mama aliyefiwa na mume, na mwanawe wa pekee naye akalala kaburini, hutoa mbuzi na ng'ombe akaoa msichana amzalie mtoto wa kiume, ili boma lisizimike na shamba lisiende kwa wana wa mke mwenza. Msichana huyo huitwa iweto. Iweto wa Mama Kalondu ndiye mimi.

Nikazaa. Nikazaa msichana, Syombua wangu. Toka siku hiyo Mama Kalondu hakuniita tena kwa jina. Aliniita "hasara".

Halafu nikaingia masomo ya ngumbaru, yale ya jioni pale shuleni. Nikajua kusoma, na kitu cha kwanza kusoma peke yangu mpaka mwisho kikawa Injili. Nikaokoka. Pasta Gicheru akanipokea kwa furaha, lakini na sharti: kanisa halimbatizi mwanamke aliye mke wa mwanamke. Nitoke kwanza kwenye lile boma, ndipo mimi na Syombua tuingie majini.

Basi siku hiyo nilikuwa natoka. Na ukelele ukapigwa.

Nikakimbia. Mama Kalondu alikuwa ameteleza kwenye ukingo wa tuta akaanguka mtaroni. Paja lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi, na ncha ya jiwe ilikuwa imemchana nyama.

"Toa mikono yako!" akafoka. "Si unaenda kwa Yesu wako? Nenda!"

"Mwaitu," nikamwita, kama tunavyomwita mama, "mguu umevunjika."

"Ni mguu wako? Nilikuazima?"

Nikamhamishia Syombua kifuani, nikamfunga vizuri. Nikachuchumaa, nikambeba Mama Kalondu mgongoni. Njia yote mpaka nyumbani aliniuma bega. Si uwongo. Alama ninayo hadi leo.

Kyondo changu nikakirudisha msumarini.

*

Hospitali akakataa. "Hospitali ndiyo ilimla mwanangu. Walimdunga sindano akiwa anaongea, wakanirudishia maiti." Mzee wa kufunga mifupa akaja, akamfunga vijiti na kamba, akaenda zake. Yaliyobaki yakawa yangu: kumgeuza, kumwosha, kumlisha.

Kumlisha! Huo ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka ule wa mahindi ya manjano. Uji niliupata kwa taabu, naye akautema kifuani pangu.

"Umeupika na kinyesi?"

"Ni mahindi ya msaada, Mwaitu. Hata mimi siyapendi."

"Hupendi na unanipa mimi! Mnasikia huyu?"

Hakukuwa na mtu wa kusikia. Ukoo wote ulikuwa na miguu mizima lakini hakuna aliyekuja. Aliyekuja ni mmoja tu: Mutie, mwana wa mke mwenza, mtu wa tabasamu pana.

"Shemeji!" akaniita toka mlangoni. "Au nikuite mama? Mke wa mama yangu mkubwa ni nani yangu?" Akacheka peke yake. "Nasikia ulikuwa unahama. Mbona umerudi? Nenda ukabatizwe, bwana. Mgonjwa tutamwangalia sisi."

"Karibu. Leo umemletea nini?"

"Nimemletea salamu."

"Salamu hazina wanga, Mutie."

Tabasamu likakatika. "Wee iweto, wewe ni mgeni hapa. Ulizaa nini? Msichana. Mama akifunga macho, huna kijiti cha kuchokorea meno katika shamba hili."

Akatoka. Hakushika njia. Alipita katikati ya shamba letu, polepole, akitazama mpaka huu na mpaka ule kama mtu anayejaribu kanzu mpya.

"Mutie ni mtoto mzuri," Mama Kalondu akasema kitandani. "Ana adabu. Si kama wengine."

Nikapuliza moto.

*

Baadaye akaja Pasta Gicheru na kina mama wa kanisa. Pasta ni mtu wa Murang'a, mpole, mwenye baiskeli nzee ambayo huisukuma zaidi kuliko anavyoipanda. Sikutaka kumchukia, na sikumchukia. Lakini siku hiyo hakuja kuuliza hali ya mgonjwa.

"Dada Mutindi, ubatizo ni Jumapili hii. Bwawa la silanga limebaki na maji ya magoti, hatuwezi kungoja. Umekawia nini?"

"Pasta, nani atamlisha?"

"Ana ukoo."

"Ukoo umemletea salamu."

"Dada, wewe mwenyewe ulikiri mbele ya kanisa kwamba ndoa hii si ya Mungu."

"Nilikiri. Sikai hapa kama mke, pasta. Nakaa kama jirani. Yule Msamaria alipomkuta mtu njiani hakuuliza kwanza ameoa nani."

Mama mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika: "Ngumbaru imempanda kichwani. Juzi alikuwa hajui 'a', leo anahubiria pasta."

Pasta akainua mkono wanyamaze. "Nisikilize, dada. Nikikubatiza ukiwa ndani ya nyumba hii, kesho kila mwenye mila yake atakuja kwangu: mbona Mutindi? Wewe unachunga mtu mmoja. Mimi nachunga kundi."

Maneno yale yalinichoma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Kabla sijajibu, kitanda kikalia.

"Wewe Mkikuyu! Chukua kondoo wako uende naye! Nyumba yangu yote inanuka sabuni ya kanisa! Mimi simtaki!"

Pasta akanitazama kwa huruma. "Umesikia kwa masikio yako. Hakutaki. Upendo usiotakiwa ni wa kazi gani?"

"Upendo ukingoja kutakiwa, pasta, nani hapa Nuu angependwa?"

Wakaondoka bila kuomba. Mama yule wa maneno ya ngumbaru alipofika uani alikung'uta leso yake, kana kwamba nyumba yetu ni vumbi.

Nikaingia ndani. Mama Kalondu alikuwa amenigeuzia uso ukutani.

"Bado uko?" akauliza.

"Bado niko."

"Huna akili."

*

Kile kidonda cha paja kikaanza kunuka. Homa ikampanda hata akawa anamwita mwanawe aliyekufa amletee ng'ombe nyumbani. Nikambeba Syombua, nikaenda dispensari kwa miguu, nikamwelezea nesi. Akanipa tembe. "Apewe mpaka ziishe," akaniambia. "Ukiacha katikati, utamzika."

Tembe ya kwanza Mama Kalondu aliipiga kwa ulimi ikaruka mpaka kwenye majivu.

"Za hospitali hizo! Nimezijua kwa harufu! Unataka nimfuate mwanangu?"

Ningefanya nini, msomaji? Nimwache afe kwa sababu hakunipa ruhusa ya kumponya? Nikazisaga kwa mgongo wa kijiko. Nikatia kwenye uji. Nikaongeza sukari niliyokuwa nimemwekea Syombua.

"Uji huu ni mchungu," akasema.

"Ni yale mahindi, Mwaitu."

Akanywa akitukana. Na homa ikashuka. Kidonda kikakauka. Matusi yake yakarudi na nguvu zake zote, na mimi nikayasikiliza nikitabasamu kama mtu anayesikia mvua kwenye mabati. Nikamwambia Mungu: sasa amepona, na labda moyo nao uko njiani. Mimi ni mtu wa kutumaini haraka. Ndio ugonjwa wangu.

Siku moja nikatoka kwenda kuchota maji kwenye mchanga wa mto. Niliporudi, nikamkuta Mutie ameketi kando ya kitanda. Ameshika kibuyu cha uji. Anakitazama ndani.

"Shemeji," akasema polepole, "huu unga mweupe ulioganda hapa chini ni wa nini?"

Mama Kalondu alikuwa ameegemea ukuta. Macho yake sijapata kuyaona vile.

"Umetia nini kwenye uji wangu?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema kweli. "Tembe za dispensari, Mwaitu. Za kidonda. Zimekusaidia."

"Za hospitali?"

"Ulikuwa unakufa."

"Zile zilizomuua mwanangu, ukanilisha kama kuku?"

"Mama, mama," Mutie akaingilia kwa sauti ya asali, "wewe unaamini ni dawa? Kila mwenye sumu husema ni dawa. Mtu anataka kwenda zake, mgonjwa amemzuia njia, mnafikiri atafanya nini?"

"Muulizeni nesi!" nikapiga kelele.

"Nesi anaimba kwaya gani? Si ni ya kwenu?"

Mama Kalondu akainua kidole kimoja.

"Waiteni wazee," akasema. "Walete kithitu."

*

Wale wasio wa kwetu wajue hivi. Kithitu ni kiapo. Hukaa ndani ya kifurushi cheusi, na vilivyomo anavijua mwenyewe anayekitunza. Hukipigi kwa hasira wala kwa mchezo. Unakipiga kwa kijiti, ukisema neno lako. Likiwa uwongo, kinakula. Kinaanza na wewe, kisha wa nyumba yako, mmoja mmoja, bila haraka.

Asubuhi hiyo watu walijaa uwanja ule karibu na barabara, lakini wote upande mmoja, kule upepo unakotoka, ili upepo usiwaletee kitu. Mama Kalondu aliletwa kwa mkokoteni wa punda, amelazwa juu ya godoro la majani. Nilisimama peke yangu, Syombua mgongoni amelala.

Pasta Gicheru alikuwa barabarani na baiskeli yake. Hakuvuka kuingia uwanjani. Aliniita kwa mbali.

"Dada Mutindi! Mlango wa kanisa sijaufunga. Lakini ukila kiapo hicho, nitaufunga mimi mwenyewe nikilia."

"Sitakula, pasta."

Mzee mwenye kithitu akakohoa. "Iweto wa Kalondu. Ulimtilia sumu mama huyu?"

"Sikumtilia sumu. Nilimtilia dawa."

"Utaapa?"

"Mimi ni wa Yesu. Amesema ndiyo yangu iwe ndiyo, na siyo yangu iwe siyo. Siapi."

Watu wakaguna. "Anaogopa!" mmoja akasema. "Mbona mwenye dawa aogope?"

Mzee mwingine, mwenye kofia ya jeshi la zamani, akainua fimbo. "Hata akitaka hawezi. Tangu lini mwanamke akapiga kithitu? Mke hupigiwa na mume wake. Aje mume wake ampigie."

Kisha mtu akauliza: "Mume wake ni nani?"

"Si ni huyo anayemshtaki!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. "Basi Kalondu apige mara mbili!" mtu akapaza sauti. "Ampigie mkewe, halafu ajipigie mwenyewe!" Walicheka huku wakinitazama, na hakikuwa kicheko cha kumwacha mtu aende nyumbani.

"Nyamazeni," mzee mwenye kithitu akasema. "Mshtaki naye ni mwanamke. Nani mwanamume wa nyumba yake atakayempigia?"

Macho yote yakamwendea Mutie.

Mutie akalamba midomo. "Mimi? Mgongo wangu huu..."

"Kijiti hakina uzito, Mutie."

"Na mke wangu ni mjamzito, wazee. Mnajua mtu mwenye mke mjamzito hakaribii kithitu. Mnataka niue mtoto?"

Hapo ndipo nilipojua. Mutie alijua vizuri kwamba uji haukuwa na sumu. Alijua tangu siku ya kwanza.

Wazee wakatazamana. Kukiwa hakuna wa kuapa huku wala kule, kesi inalala. Mwenye kofia akaanza kutafuta ugoro wake. Moyo wangu ukanyanyuka. Nikaona kabisa mimi na Mama Kalondu tukirudi kwa mkokoteni uleule, yeye akinitukana na mimi nikishikilia godoro.

"Nileteeni mimi."

Ilikuwa sauti ya Mama Kalondu.

"Wewe ni mwanamke, Kalondu," mzee akamwambia kwa upole.

"Mimi? Nani alitoa mahari ya huyu? Nani alipeleka mbuzi kwa mama yake, na pombe ya kumwombea? Wewe umewahi kuona mwanamke akioa? Mimi ndiye mume wa nyumba ile. Mlipokula mbuzi wa harusi mlisema mimi ni mume. Leo mnanirudisha uanamke? Mume hupiga kithitu chake. Nileteeni!"

Hakuna aliyecheka.

Wazee wakasogea pembeni, wakanong'ona. Wakarudi. "Anasema haki," mwenye kofia akatangaza. "Aliyeoa ni mume."

Wakamwinua kumkalisha. Akalia kwa uchungu, maana walimshika upande wa kidonda. Sikufikiri, nikaruka kumshika shingo na kiuno, kama nilivyozoea. Akanizaba kofi mbele ya watu wote.

"Usiniguse, sumu wewe!"

Wakampa kijiti.

*

Mimi kithitu sikiamini. Lakini Mama Kalondu anakiamini kwa mifupa yake yote, mizima na iliyovunjika. Na nilikuwa nimeshaona kinavyoua. Jirani yetu mmoja aliapa uwongo juu ya mpaka wa shamba. Hakuugua chochote. Siku mbuzi wake wa kwanza alipokufa aliacha kula, akakaa kwenye kigoda chake akingoja, mpaka akazikwa. Kisha wanawe wakatengwa kama wenye ukoma. Hakuna aliyewapa moto wala maji, na binti zake hakuna aliyewaoa.

Mama Kalondu alikuwa na hakika anasema kweli. Ila kweli hakuwa nayo. Homa ya kwanza itakayomrudia, mbuzi wa kwanza atakayekufa kwa njaa ile, atajua kithitu kimemjia. Atageuza uso ukutani. Na baada yake, nyumba yake ni nani? Ni Syombua.

Nilimtazama Mutie. Alikuwa anatazama chini. Alijua mama yake mkubwa anajiua kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa anahesabu mitaro ya shamba.

"Kama Mutindi hakunitilia sumu," Mama Kalondu akaanza, na sauti yake ilikuwa ya kiume kweli, "kithitu hiki kinile mimi, kiile nyumba yangu, kile..."

Kijiti kikapanda.

Mungu anisamehe. Najua aliyekataza kuapa ndiye aliyekataza uwongo. Lakini sikuwa na nafasi ya kuuliza.

"Ngoja!" nikalia. "Shusha kijiti, Mwaitu. Hakuna haja ya kuapa. Ni kweli."

"Nini ni kweli?" mzee akauliza.

"Nilitia sumu."

Kule barabarani baiskeli ya pasta ikaanguka. Watu wakashika vinywa. Mwanamke mmoja akaokota jiwe, akabaki nalo mkononi. Mutie akainua kichwa, akanitazama kama mtu aliyeona punda akisema, maana uwanja mzima ni yeye na mimi tu tuliojua nimedanganya. Kisha lile tabasamu pana likarudi.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Sasa fuateni mila. Iweto akimkosea mume, hutoka kama alivyoingia. Mtoto si wake. Mtoto ni wa boma. Mfungueni mgongoni, halafu huyu apelekwe Mwingi kwa askari."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Wallahi, nimekwisha kuapa sasa, hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mutie akanijia mwenyewe. Vidole vyake vikafika kwenye fundo la leso kifuani pangu.

"Ngojeni."

Mama Kalondu alikuwa bado ameinua kijiti. Alikuwa amekunja uso, ananitazama kama mtu anayetafuta njia aliyowahi kupita zamani.

"Wewe," akaniambia. "Kama ni sumu uliyonipa, mbona nilipona?"

Uwanja wote ukanigeukia. Nikisema kweli sasa, baada ya kukiri, nani ataniamini? Watataka kiapo, na mwenye kijiti ni yeye. Nikinyamaza...

"Jibu!" akapiga kelele. "Nimekuuliza, mbona nilipona?"

Nikafungua mdomo. Na mgongoni, pale alipokuwa amelala Syombua, nikasikia baridi: fundo limefunguliwa, na mtoto yuko mikononi mwa Mutie.